Pampu ya maji ya kwadi: lita za kwenye boksi sio lita za kwenye injini

Tangu nianze kuitoa injini ya hewa (inayopozwa na upepo) kwenye kwadi ya mjomba, ile pikipiki ya magurudumu manne, nikaeka ya maji (inayopozwa na maji), swali ninaloulizwa kuliko yote si injini yenyewe wala gia wala chasisi imekatwa wapi, ni pampu ya kuzungusha hayo maji. Pampu gani, lita ngapi, ya umeme ama ile inayozungushwa na injini. Na mi nafurahi mtu akiuliza hilo manake wengi wanaanza na rejeta kubwa, pesa zote zinaishia huko, alafu pampu wanachukua yoyote iliyoko dukani ilmradi ni ya volti 12.

Kwanza mjue kwadi yenyewe inafanya kazi gani, sababu pampu huchaguliwa kwa kazi. Hii iko shamba Msambweni, inavuta kitrela cha nazi kutoka ndani huko mpaka barabara ya lami, na njia yote ni mchanga. Mchanga ndio adui wa injini ya hewa. Uko gia ya chini, rev ziko juu, injini inapiga kazi yote iliyo nayo, na huku mwendo ni wa mtu anayetembea haraka, kwa hivyo ule upepo ambao mapezi ya silinda yanautegemea haupo. Boda ya Boxer inapona na injini ya hewa kwa sababu iko lami, upepo unaipiga. Na hapa kwetu ikifika mwezi wa pili na wa tatu hewa ya kivulini yenyewe ni nyuzi 32, 33, ndo hiyo unayotaka ikupozee injini. Kwadi ilikuwa ikifika katikati ya njia inaanza kugonga, nguvu zinapotea, mjomba anashuka anakaa chini ya mnazi anangoja ipoe. Ndo tukaamua maji.

Injini tuliyoeka ni ya Kichina, silinda moja, 250cc, aina ya zile za tuktuk za mizigo. Tuliipata kwa bei ya chini kwa sababu kaveri ya upande wa pampu ilikuwa imevunjika na pampu yenyewe haipo kabisa. Nimezunguka Mombasa nzima, Mwembe Tayari, Kongowea, mpaka Changamwe, kaveri peke yake hakuna, wanakwambia chukua injini nzima. Basi kwangu ikawa lazima pampu ya umeme. Lakini niseme wazi, kama injini yako imekuja na pampu yake na inazunguka vizuri, ibakize, hata kama paipu yake inagongana na chasisi, tafuta kona ya alumini ama geuza njia ya paipu lakini pampu usiitoe. Ile haili umeme wako. Injini ikiongeza mizunguko nayo inaongeza. Na ikitaka kufa inakupa habari mapema, hili watu wengi hawalijui: chini ya pampu nyingi za pikipiki kuna kitundu kidogo, kiko kati ya sili mbili, moja inazuia maji na nyengine inazuia oili. Sili ya maji ikichoka, yale maji hayaingii kwenye oili moja kwa moja, yanatokea pale kitunduni, unaona tone, ama unaona alama ya kulanti (ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta) imekaukia pale ikashuka chini kwenye kaveri. Nimemwona fundi kwa macho yangu akiziba kile kitundu na silikoni ili liki iishe. Tafadhali sana msifanye hivo. Ukiziba, maji yanatafuta njia nyengine nayo ni kwenye oili, siku chache tu ukifungua kifuniko cha oili unakuta rangi ya chai ya maziwa na hapo beringi za krank zishaanza kulika. Tone la kwanza ukiliona badilisha sili, ni kitu cha bei ndogo.

Sasa hesabu, na si ngumu. Kwa injini ya petroli makadirio ya kawaida ni kwamba nguvu ya mafuta inagawanyika karibu mafungu matatu, fungu moja linazungusha tairi, moja linatoka na sailensa, moja linaingia kwenye maji. Kwa hivyo injini ya farasi kama 16, ambayo ni kilowati 12 hivi, ikiwa inafanya kazi yote inamwaga kilowati kama 12 kwenye maji. Kilo moja ya maji inabeba kilojuli 4.18 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Tuseme unataka maji yakitoka kwenye injini yawe yamepanda nyuzi 10 tu kuliko yalivyoingia, basi gawa 12 kwa 41.8, unapata kilo 0.29 kwa sekunde, yaani lita 17 kwa dakika. Ukishachanganya kulanti, mchanganyiko unabeba joto kidogo kuliko maji matupu, kwa hivyo hesabu lita 20. Ukitaka tofauti iwe nyuzi 5 badala ya 10, ndo unaenda lita 40. Kwa injini kama hii mi natafuta lita 20 mpaka 30 kwa dakika, nikizipata nimetosheka.

Lakini hizo lita 20 ziwe zinapita ndani ya injini YAKO na rejeta YAKO. Hapo ndo pesa za watu zinapotea.

Boksi la pampu litakuandikia lita 25 kwa dakika, mita 5. Unasoma unaona umepata vyote viwili. Hupati. Lita 25 ni pampu ikimwaga wazi, hakuna paipu ndefu, hakuna rejeta, hakuna chochote mbele yake. Na mita 5, ambayo ni presha ya karibu nusu bar, ni pale maji yamepanda yakagota, pampu bado inazunguka lakini hakuna hata tone linalosonga. Injini yako iko kati ya hizo namba mbili na boksi halikwambii ni wapi. Kampuni ya maana inatoa mchoro, mstari unaoshuka, unaonyesha kwenye presha hii unapata lita hizi. Pampu haina huo mchoro, ichukulie namba ya boksi kama jina lake tu. Na ile mita isikuchanganye ukaanza kupima rejeta iko juu ya pampu kiasi gani, huu ni mzunguko uliofungwa, maji yanayopanda upande huu yanashuka upande ule, kwa hivyo urefu unajifuta wenyewe. Kinachobaki ni msuguano wa paipu, kona, rejeta na zile njia nyembamba za kwenye silinda hedi.

Nilimuuliza mwenye duka mmoja, mzee mwenye heshima zake, "Ami, hizi lita 25 ni kwa presha gani?" Akanambia, "Mwanangu, lita 25 ni lita 25." Nikamuomba basi, nikiipima na ndoo ikashindwa niirudishe, akakubali, Mungu ambariki, manake si wengi watakukubalia hilo.

Kipimo cha ndoo ndicho hiki na kila mtu anaweza. Kwadi iko nje ya gereji, injini na rejeta zishaungwa na paipu zake za kweli, themostati (kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate joto) nimeitoa kwa ajili ya kipimo tu. Pampu inanyonya kutoka kwenye pipa lililoinuliwa kwa matofali, paipu ya mwisho inamwaga kwenye ndoo ya lita 10, na kijana ameshika simu anahesabu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 30 umepata lita 20 kwa dakika, hakuna ubishi. Betri iwe imejaa na mita ya volti imeunganishwa pale pale kwenye waya za pampu, sio kwenye betri, uone pampu yenyewe inapata volti ngapi. Kwanza tukaiwasha na kipande kifupi cha paipu peke yake, ndoo ikajaa kabla ya sekunde 30, kila mtu amefurahi. Tukaunga mzunguko mzima, ikakaribia dakika! Pampu ni ileile, betri ileile, maji yaleyale.

Kuangalia, kumbe kuna kikona cha shaba fundi alikieka kuunga rejeta na paipu, ndani yake ni milimita 10. Paipu zote ni 16 lakini maji yote yanapita kwenye kile kikona. Lita 25 kwa dakika ndani ya paipu ya milimita 16 maji yanaenda kama mita 2 kwa sekunde, ni sawa kabisa. Lita zilezile ndani ya milimita 10 zinaenda zaidi ya mita 5 kwa sekunde, na msuguano haupandi sawa na mwendo, unapanda kwa mraba wake, mwendo mara mbili na nusu ni msuguano mara sita na zaidi. Tukatoa kikona tukaeka cha 16, lita zikapanda pale pale bila kununua kitu. Hazikufika 20 lakini, pampu ikarudi kwa ami. Kwa hivyo kabla hujaongeza pampu, pitisha kidole na macho kwenye kila kiungo, paipu ya 16 mpaka 19 ndo ya injini ya saizi hii, na kona zikiwa chache ndo bora.

Kuna maneno yanasemwa sana kwenye magereji yetu, kwamba maji yakizunguka mbio sana hayapati muda wa kupoa kwenye rejeta. Si kweli, na yameharibu injini nyingi. Maji yakienda mbio yanakaa muda mfupi kwenye rejeta kila mzunguko lakini yanarudi haraka zaidi, na rejeta nzima inakaa na joto lililosambaa, inatoa joto zaidi sio kidogo. Kinachotokea ni kwamba mtu anaeka pampu kubwa mno, inanyonya kuliko paipu ya kuingilia inavyoweza kupitisha, maji yanachemka pale kwenye impela (panga la ndani ya pampu) kwa sababu presha imeshuka, mapovu yanatokea, injini inapanda joto, basi anasema "mbio" ndo imesababisha. Ni kunyonya. Ama ametoa themostati pamoja na kueka pampu, akabadilisha vitu viwili kwa mpigo akalaumu kimoja.

Aina za pampu sasa. Zile za boti za kutoa maji, tunazo tele hapa na bei yake ni nzuri, na lita zake zinavutia. Acha. Zimetengenezewa maji ya baridi ya chini ya boti, plastiki yake na sili zake hazikuandaliwa nyuzi 90, zitafanya kazi siku mbili tatu alafu zinalegea. Pampu ya kuoshea kioo na pampu ya mafuta hata tusizizungumze. Za eksi-Japani za Prius, ile gari ya Toyota ya petroli na umeme, pampu inayopoza inveta (kifaa cha umeme wa mota yake) kwenye Prius ya 2004 mpaka 2009, hiyo naipenda, haina brashi za kaboni na waya zake ni mbili, chanya na hasi. Lakini ilitengenezwa kupoza elektroniki, na maji ya kule hayaruhusiwi kufika joto la injini, yanaishia kwenye nyuzi 60 na kitu, na lita zake kwa 250cc inayovuta nazi ni chache. Pia Toyota wenyewe 2012 waliita magari ya namna hiyo yarudishwe kukaguliwa kwa ajili ya hiyo pampu, kwa hivyo ukinunua iliyotumika hujui ni ya kabla ama ya baada. Kama unaeka ya kusaidia tu ama injini yako ni ndogo, sawa. Ile kubwa ya Prius iliyofuata, inayopoza injini yenyewe, ni pampu hasa, ndo gari ile ilikuja bila mkanda hata mmoja, lakini inataka signali kutoka kwa kompyuta, ukiipa umeme mtupu haikuelewi. Hivohivo kwa pampu nyingi za Kijerumani. Davies Craig wa Australia wana za kununua mpya zenye michoro yake, EWP80 ni lita 80 kwa dakika ikiwa wazi, ni nzuri lakini kwa kwadi ni kubwa na inakula umeme ambao hatuna.

Nilichochagua mimi ni ya brashilesi (isiyo na brashi), wati 50 hivi, midomo ya milimita 19, imeandikwa inavumilia maji ya nyuzi 100 na juu yake, na imezibwa maji yasiingie kwenye mota. Kwenye ndoo na mzunguko mzima ilijaza lita 10 chini ya sekunde 30, na tukarudia na maji ya moto tuliyochemsha kwenye sufuria, ikashika hivohivo. Rudieni na ya moto jamani, pampu nyingi zinashindwa hapo.

Umeme. Wati 50 kwa volti 13.5 ni ampia 3.7. Feni ya rejeta ya wati 80 ni ampia 6. Hapo ni karibu ampia 10 bila taa na bila koili. Stata (zile koili za ndani ya injini zinazozalisha umeme, si stata ya kuwashia) ya kwadi nyingi ndogo haikupangiwa mzigo huo. Usiniulize stata yako inatoa ngapi, chukua mita, washa kila kitu, taa, feni, pampu, rev ya kawaida ya kazi, soma kwenye betri. Ikikaa juu ya 13 uko salama, ikishuka 12.4 na inaendelea kushuka ujue betri ndo inalipa, ikiisha pampu inazunguka pole pole kabla haijasimama na injini inachemka huku bado inaunguruma. Sisi tulibadilisha taa tukaeka za LED, ikatosha. Pampu ipewe rilei yake (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi yake, isishirikiane na feni, ili fyuzi ya feni ikikatika pampu ibaki. Na viunganishi viwe vile vyenye mpira wa kuzuia maji, pakeni grisi ndani, hewa ya pwani hii ina chumvi na shaba inageuka kijani kwa miezi tu. Lazima pia kuwe na geji ya joto ama taa nyekundu unayoiona ukiwa umekaa, manake pampu ya umeme ikifa haidondoshi tone lolote, inanyamaza tu.

Mahali pa kuifunga ni chini kabisa ya mzunguko, upande maji yanapotoka kwenye rejeta yakiwa yamepoa. Hizi pampu haziwezi kuvuta hewa, ziwe na maji muda wote. Ukiieka juu, hewa inakusanyika ndani yake na unapiga kelele pampu mbovu. Kifuniko cha rejeta cha bar 1.1 kinapandisha kiwango cha kuchemka mpaka karibu nyuzi 120, kwa hivyo kifuniko chenye mpira uliokatika kinaacha maji yachemke mapema, na hapo kinaiua pampu pia. Kujaza maji, inua pua ya kwadi, jaza pole pole, washa pampu bila injini uache mapovu yatoke mpaka yaishe kabisa.

Themostati irudishwe. Najua wengi hapa wanaitupa siku ya kwanza, lakini injini isiyofika joto lake inakula petroli na pistoni. Ila kwa pampu ya umeme hakikisha kuna njia ndogo ya pembeni, ama tundu la milimita 3 kwenye ukingo wa themostati, la sivyo asubuhi pampu inasukuma mlango uliofungwa na maji ya kwenye hedi yamesimama.

Na maji ya kueka, hapa nawaomba. Usieke maji ya kisima. Visima vyetu vingi ni vya chumvi, unajua mwenyewe ukioga sabuni haitoi povu, na chumvi hiyo inatafuna alumini ya hedi, inatafuna rejeta, inakwangua sili ya pampu. Nunua maji yaliyosafishwa, changanya na kulanti. Barafu hatuna, kwa hivyo si lazima nusu kwa nusu, mi naeka kulanti kama thuluthi moja na ushee, dawa ya kuzuia kutu inatosha na maji mengi yanabeba joto zaidi. Ikimwagika ifute na uioshe pale pale, ni sumu na ina utamu, paka wanailamba, na paka tunao kila kona.

Mtu wa Mtwapa ameniuliza kama anaweza kutumia mbili ndogo badala ya moja kubwa. Unaweza, na ina faida moja ikifa nyengine inakufikisha nyumbani. Ukizifuatanisha, maji yanatoka hii yanaingia ile, unaongeza nguvu ya kusukuma, inafaa kama mzunguko wako umebana, na iliyokufa maji yatapita ndani yake kwa shida kidogo. Ukizieka sambamba unaongeza lita, lakini kila moja iwe na valvu ya kuzuia kurudi, la sivyo ikifa moja, ile nzima itazungusha maji kwenye ile mfu na injini haitapata kitu. Kwa kwadi yake, aliyoniambia ina rejeta ya pikipiki ya mtumba iliyoziba kiasi, mi ningefuatanisha, lakini kabla ya hapo ningeipeleka hiyo rejeta ikazibuliwe alafu nichukue ndoo nipime tena.